Shikamoo Mwalimu, Usiitikie

Asubuhi niliyoondoka kwetu upande wa Mahenge sikuwa na mpango wowote. Nalisema mapema ili wale mnaoamini kwamba kazi ya kutunza vinywa vya watu huanza na wito msijisumbue kuutafuta wangu. Nilikuwa na mfuko wa nailoni wenye mashati mawili. Shule nilikuwa nimeiacha darasa la sita, au yenyewe iliniacha. Tuliachana kwa amani. Nilikuwa nimebeba magunia ya mpunga, nimekata miwa misimu miwili kwenye mashamba ya sukari, na nimechunga ng'ombe wa Msukuma mmoja mpaka ng'ombe wenyewe wakanichoka. Lori lililosimama lilikuwa linakwenda Ifakara. Kama lingekuwa linakwenda Dodoma, leo ningekuwa nawaandikia watu wa Dodoma.

Daraja la mto Kilombero lilikuwa halijajengwa, kwa hiyo pale Kivukoni tulingoja pantoni. Mbele yetu kulikuwa na pikapu iliyobeba kiti ambacho sikuwahi kuona mfano wake. Kilikuwa na mikono, kichwa na kisahani cha kutemea mate, ila kinyozi hakuwapo. Nilimuuliza dereva kinatumika kufanya nini. Akajibu kwamba kinatumika kulilia. Jibu hilo lilinitosha kukifuata mpaka kiliposhushwa, kwenye kliniki ndogo ya meno ambayo sitaitaja jina, kwa sababu ninyi mnaosoma haya mnafanya kazi humo na jina lake mnalijua.

Nilisimama nikiwatazama wanaume watatu wakipambana na kile kiti mlangoni. Muuguzi mmoja mnene akawa ananitazama mimi ninavyotazama. "Wewe," akasema, "mikono yako inaumwa?" Huyo alikuwa Mama Salome, na huo ndio usaili pekee niliowahi kufanyiwa. Tulikiingiza kiti, nikapewa ufagio. Kuhusu vyeo nilivyopata baada ya hapo sina la kuwaeleza, kwa sababu navyo havikuwahi kuniulizia.

Mama Salome hakuamini maelezo ya mdomo. Siku yangu ya pili alinikalisha kwenye kile kiti, akanijaza pamba shavuni, akaniambia niiume bila kusema wala kutema mpaka atakaporudi. Kisha akaenda sokoni. Alirudi baada ya saa nzima na fungu la mchicha, akanitoa pamba, akaniuliza nilitamani kutema mara ngapi. Nikasema mara mia.

"Basi ukimwambia mgonjwa asiteme," akasema, "ujue unamwomba nini." Akaenda kuchambua mchicha wake.

Ndiye aliyenifundisha kuosha koleo kwa brashi mpaka kwenye kiungo chake, pale ambapo damu hujificha na wavivu huijua siri hiyo. Alinifundisha kupanga vifaa kwenye jiko la mvuke na kutofungua mfuniko kabla ya wakati hata kama daktari anagonga meza. Jiko lile lilikuwa na tabia zake. Likipiga mluzi mwembamba tulikuwa salama. Likinyamaza ghafla, mtu mwenye akili alitoka nje kwanza, maswali akayauliza akiwa uani. Hili jipya mnalotumia linaandika namba kwenye kioo na halitishi mtu yeyote. Ndiyo maana mnalisahau.

Niliacha kazi mara tatu. Mara ya kwanza nilitaka kuona treni inakwenda wapi baada ya Mlimba, nikaona. Mara ya pili nilimfuata mtu aliyesema anajua kuchimba dhahabu. Mara ya tatu sikumbuki sababu, nadhani ilikuwa Jumatatu. Kila niliporudi Mama Salome alinipa ufagio uleule bila kuniuliza nilikokuwa, jambo lililonikera, kwa sababu nilikuwa na hadithi nzuri.

Kilichonibakisha mwishowe ni benchi. Baada ya upasuaji daktari huona kazi yake imekwisha, na mgonjwa huona mateso yake yamekwisha. Wote wawili hukosea, ndiyo maana pakawekwa benchi la mbao ukutani, na mimi kando yake. Mgonjwa alikaa pale na ganzi yake, mdomo umelala upande mmoja, nami nikamsomea mambo ambayo ninyi leo mnayatoa yamechapwa kwenye karatasi ili apate cha kufungia karanga. Usiteme, meza. Usinywe kwa mrija, hata kama togwa imeletwa na mama mkwe. Leo usisukutue, kesho chukua maji ya chumvi ya uvuguvugu, yaache yazunguke yenyewe, usiyatikise kama unayeosha chupa. Ugoro pumzisha. Lala kichwa kikiwa juu. Siku ya tatu utavimba kuliko siku ya kwanza, usije hapa na ukoo mzima kuniambia tumekuharibu. Dawa zimalize, hasa ukishajiona umepona. Miwa, sahau.

Hapo kwenye miwa ndipo nilipopoteza heshima mbele ya vibarua wa mashamba ya sukari. Walinitazama kwa huruma, kama mtu aliyekosa malezi. Mmoja alirudi siku ya tano na nyuzi za muwa zimejisokota pamoja na nyuzi zetu za kushonea, akaapa kwamba aliunusa tu.

Mambo yalizidi kunoga pale Daktari Neema alipoanza kuja kutoka Dar es Salaam kila baada ya miezi michache, akiwa na sanduku la meno ya kupandikiza. Ninyi mmeyazoea. Sisi tulimzunguka kama watoto waliozunguka mchezo wa mazingaombwe. Skrubu ndogo inaingia kwenye taya, inakaa miezi mpaka mfupa uikumbatie, ndipo jino linawekwa juu yake. Na kama mfupa umepungua, kwanza unaongezwa unga wa mfupa, unafunikwa kwa utando mwembamba, fizi inashonwa juu yake, kisha watu wote wanasubiri karibu nusu mwaka bila kuugusa. Kwa mtu ambaye hajawahi kukaa mahali pamoja nusu mwaka bila kushikashika kitu, hilo lilinishangaza kuliko skrubu.

Unga wenyewe ulitokana na ng'ombe, ukiwa umesafishwa hadi kubaki kama chumvi ya mawe. Wagonjwa walipoambiwa hivyo, kila mmoja alikuwa na swali lake. Waislamu waliuliza kama alichinjwa vizuri. Wakatoliki waliuliza kama itakuwa dhambi kuwa naye mdomoni Ijumaa Kuu. Mfugaji mmoja Msukuma alisikiliza maelezo yote ya daktari, akatafakari, kisha akauliza kama ng'ombe huyo alikuwa mnono.

Sasa niwaeleze kisa kilichonifanya niandike. Mwalimu Engelbert ni mwalimu mkuu mstaafu wa shule ya msingi, anakaa Kibaoni, hapahapa Ifakara. Amefundisha miaka mingi kiasi kwamba nusu ya mji ilijifunza kusoma kwake, na nusu nyingine ilichapwa naye. Aligongwa na bodaboda, akapoteza meno manne ya mbele juu pamoja na kipande cha mfupa ulioyashika. Mwenye bodaboda alikuwa mwanafunzi wake wa zamani. Aliinuka, akajipangusa vumbi, akasimama mbele ya mwalimu aliyelala barabarani, akasema, "Shikamoo mwalimu." Na mwalimu, damu zikimtiririka, akaitikia.

Kwa muda alivaa meno ya bandia ya kuchomeka. Jumapili moja akisoma somo la kwanza kanisani, meno yalishuka katikati ya jina la nabii, na watoto wa kipaimara wakacheka. Tangu siku hiyo hakusoma tena, wala hakukaa viti vya mbele. Alinieleza haya kwa sauti ya filimbi, kitambaa kikiwa mdomoni, akaongeza kwamba hatafuti meno ya kutafunia nyama, nyama anaweza kuikosa. Alichotaka ni kusimama tena pale mbele na kusoma ukurasa mmoja bila kupiga mluzi. Nimeona watu wakitaka mambo mengi kwenye lile benchi. Hilo lilikuwa dogo mno kiasi kwamba nililiogopa.

Daktari Neema alimwekea unga wa mfupa, akamshona, akaniachia. Nilimsomea kanuni zote. Alizisikiliza kwa makini na kunirekebisha mahali pawili. Kuhusu wageni sikumwambia neno, kwa sababu katika miaka yangu yote sikuwahi kuwahesabu wageni miongoni mwa vitu hatari, kama nilivyouhesabu muwa.

Siku ya nne nilipita kwake kumjulia hali. Viti vya kuazima vilikuwa vimepangwa barazani, na watu wamekaa kwa foleni kama wanaosubiri kupiga kura. Mji mzima ulikuwa umekuja kumpa pole. Kila aliyefika alisema shikamoo mwalimu, naye akasema marahaba. Nendeni mkalijaribu neno hilo mbele ya kioo: mdomo unafunguka mara nne na kufungwa mara mbili. Kisha mgeni aliuliza ilikuwaje, na mwalimu, kwa kuwa ni mwalimu, alianza mwanzo. Alipofika kwenye upasuaji aliingiza kidole gumba chini ya mdomo wa juu na kuuinua, na mgeni akainama kutazama nyuzi, akatikisa kichwa, akampisha mwenzake. Mezani palikuwa na kuku wawili wazima, mchele, na muwa uliokwisha kumenywa kwa upendo mkubwa.

Nilimvuta kando nikamuuliza anafanya nini.

"Mtu amenipa shikamoo," akasema. "Nifanyeje, nimrudishie?"

Mkewe, Mama Tekla, aliniunga mkono kwa kunilaumu mimi. Alisema angefunga mlango tangu siku ya kwanza kama ningemwambia, ila sasa ni nani atakayemweleza mtu wa kumi na tisa kwamba wale kumi na wanane wamemaliza zamu zote? Wakati anasema hayo, mwalimu alipitisha ulimi kwenye fizi, akatoa chembe nyeupe kwenye ncha ya kidole, akazitazama. Zilikuwa kama chumvi ya mawe. Hakuniuliza ni nini. Alizifunga kwenye kitambaa, akarudi barazani, kwa sababu kulikuwa na mtu amesimama.

Daktari Neema alipokuja aliukuta mshono umefunguka na mfupa karibu wote umeondoka. Alisafisha, akasema fizi ipone, tutarudia baada ya miezi. Na akasema wazi kwamba atarudia mara moja tu, kwa sababu mara ya tatu hakutakuwa na mahali pa kushikiza kitu. Wakati anasema hivyo alikuwa ananitazama mimi.

Mara ya pili ilikuwa kiangazi, wakati wa kuvuna mpunga, nami nilikuwa nimebakiza wiki mbili kustaafu. Amri ilikuwa siku kumi bila kuongea na bila mtu kuugusa mdomo. Mwalimu alipewa daftari na kalamu, akachagua nyekundu. Usiku huo alilala kliniki ili tumwangalie. Asubuhi daktari mwenyewe, aliyetoa amri, aliingia wodini akiwa ameshika kikombe cha chai.

"Shikamoo mwalimu."

Kama si mkono wangu kumfunika mdomo, kazi yote ingeishia hapo. Daktari alisimama na chai yake, akaona alichofanya. Na mwalimu, badala ya kunishukuru, aliandika kwenye daftari kwamba mtu mzima hafunikwi mdomo kama mbuzi.

Nikajiona mjanja, nikaandika tangazo na kulibandika kwenye geti lake kabla hatujamrudisha: mgonjwa hapokei wageni wala salamu, tafadhali mpite. Alipoliona alilibandua, akalisahihisha kwa kalamu nyekundu, akanipa sita kwa kumi, akalirudisha. Hilo halikuwa tatizo. Tatizo ni kwamba Kibaoni mzee anapofungiwa ndani asipokee hata salamu, watu hawasemi anapona. Wanajua hali imekuwa mbaya na familia inaficha. Kufika mchana, wale waliokuja mara ya kwanza walikuwa wamekuja tena na ndugu zao. Jioni liliingia gari kutoka Mahenge na shangazi wanne, magodoro na sufuria ile kubwa ya shughuli. Hakuna aliyelia, kwa adabu, lakini leso zilikuwa tayari. Walipokezana dirishani kumsalimia mgonjwa, na kila salamu ilipoingia niliona shingo yake ikikakamaa. Alikuwa amekaa kitandani, ameuma taulo, jasho linamtoka, akiwaandikia kurasa na kurasa kwamba yu mzima. Shangazi walizisoma kurasa wakazikunja vizuri, kama wosia.

Nilimpigia simu daktari. Akasema, "Mpeleke mahali ambako hajamfundisha mtu."

Msinisumbue kuuliza kama mfupa ulishika. Ulishika, picha ya eksirei mnayo kabatini, skrubu zimeingia na meno yenyewe yanakuja. Ninachotaka mjue ni jinsi ulivyoshika, kwa sababu kwenye karatasi yenu ya kufungia karanga haimo.

Kwa hiyo kesho yake alfajiri, shangazi wakiwa wanachochea moto, tulitokea mlango wa nyuma. Tulikwenda mpaka barabarani bila kujua tunaelekea wapi. Nilipofikiri mahali ambako mimi mwenyewe sikuwahi kufika, kulikuwa na Malinyi tu, sehemu pekee ya bonde hili ambako nilikuwa sijaacha kazi, na mwalimu hajafundisha. Mama Tekla alibaki kuwaeleza wageni. Sikumwonea wivu.

Nilikodi gari la Noah. Dereva alishusha kioo, akatabasamu. Shikamoo mwalimu. Nilimtangulia mwalimu kwa kiwiko, nikamweleza dereva kwamba mzee haongei kwa amri ya daktari. Dereva alisema ameelewa kabisa, kisha kuanzia pale mpaka Lupiro akamuuliza mwalimu kama anamkumbuka, kama anakumbuka alivyomchapa kwa kosa la mtu mwingine, na kama yule mtu mwingine alikuja kujulikana. Mwalimu aliandika majibu na kuyanyanyua yasomwe kwenye kioo cha dereva. Tulivuka daraja la Kivukoni dereva akisoma sentensi ya pili. Tulipokosa kidogo tu kuingia kwenye kundi la ng'ombe, nikamnyang'anya mwalimu daftari. Alinitazama kama alivyokuwa akiwatazama darasa la tatu, nami, niliyekimbia shule ili nisitazamwe hivyo, nikatazama nje.

Barabara ilikuwa ya mashimo. Alijifunga taulo kuzunguka taya na kichwa, akashikilia kwa mikono miwili kila tuliporuka, macho yamefumbwa. Mashambani watu walikuwa wanapiga mpunga, na waliokuwa karibu na barabara walipunga mikono. Alipunga pia. Aliweza hata kuinamisha kichwa. Nilianza kuona kwamba hajifunzi kunyamaza tu; anajifunza kubaki na deni la watu, na hilo lilimuuma kuliko nyuzi.

Malinyi tuliingia saa nane. Dereva alituacha kwenye nyumba ya wageni yenye ua wa michongoma na ndoo za maji zilizopangwa ukutani, akaondoka bila jibu lake kuhusu yule mtu mwingine. Mapokezini alikuwapo dada mmoja anasuka ukili, mkeka wa nusu ukiwa magotini. Alipomwona mwalimu aliweka ukili chini, akasimama, akapiga goti kidogo kama alivyofundishwa nyumbani.

"Shikamoo babu."

Hakusema mwalimu. Alisema babu, kama angemwambia mzee yeyote aliyeshuka kwenye gari lolote. Nilisogea, mkono tayari, lakini mwalimu aliniepuka. Alisimama mbele ya yule dada, midomo imefungwa. Niliuona mdomo wa juu ukitetemeka, ukatetemeka tena, ukatulia. Dada alingoja. Akafikiri mzee hajasikia, akarudia kwa sauti kubwa. Mwalimu alimtazama usoni, akamwinamishia kichwa, basi.

Dada alikaa, akachukua ukili wake, akanigeukia mimi.

"Huyu mzee wako ana nyodo," akasema.

"Anazo sana," nikasema. "Tupe vyumba viwili."

Mwalimu alinyoosha mkono, akapokea ufunguo wa namba nne, akavuka ua kwenda chumbani kwake, akafunga mlango.